Goli Lililosikika Kabla ya Kuonekana

Mtaani walimwita Mama Antena, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, akimshikia spana baba yake mdogo aliyekuwa fundi wa madishi. Mzee magoti yalipogoma, yeye akabaki huko juu. Mara moja tu ngazi ilimteleza akavunjika mguu, na kijana aliyemfunga plasta hospitalini ndiye mume wake mpaka leo. "Mwenzenu niliokota dodo chini ya mwarobaini," huwaambia mashoga zake.

Jumamosi moja kinyozi wa jirani alimwita mbiombio. Televisheni yake, alisema, imelogwa.

"Dada, wateja wamekaa, mpira umeanza. Hata kabla mchezaji hajapiga, huyo mshonaji ng'ambo ya barabara, na kiredio chake, anapiga kelele: goli! Kweli, linaingia. Mtu gani huyo anaona yajayo?"

Mama Antena alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kaka, haoni yajayo. Ni wewe unayeona yaliyopita. Picha yako inapanda mpaka kwenye setilaiti, kilomita elfu thelathini na sita, ishuke tena. Kabla ya safari inabanwa, halafu king'amuzi chako kinaifungua. Redio yake imepita njia ya mkato."

Kwenye kiti, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, alikaa mwalimu wa fizikia wa chuo cha watu wazima. Akageuka, kinyozi nusura amkate sikio.

"Mama, umesomea wapi hayo?"

"Juu ya mapaa, mwalimu."

"Basi niambie. Kungekuwa na ishara inayoushinda mwanga mbio, ingekuwaje?"

Swali lilimwasha wiki nzima kama upupu, hata binti yake akamwambia, "Mama, si uende ukamuulize?" Akaenda kujiandikisha chuoni kwake. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na wenzake darasani wangeweza kuwa wanawe.

Somo lenyewe lilifika mwezi wa tatu. Mwalimu alieleza kwamba chochote chenye uzito, kadiri unavyokisukuma kuukaribia mwendo wa mwanga, ndivyo kinavyodai nguvu zaidi, na kuufikia kungehitaji nguvu isiyo na kikomo. Na kama ujumbe ungeupita mwanga, yangekuwepo mazingira ambamo jibu linakufikia kabla hujauliza. Hata hivyo, hesabu hazijafunga mlango kabisa: zipo zinazoruhusu anga lenyewe kupindwa, ila zinahitaji aina ya nishati ambayo hakuna aliyewahi kuipata kwa kiasi hicho.

"Kwa hiyo mtu anaweza kurudi nyuma akarekebisha makosa yake?" aliuliza msichana wa mbele.

Mama Antena akanyoosha mkono.

"Mwanangu, tuseme mimi nimerudi. Naishika ile ngazi iliyonivunja mguu, sianguki. Nisipoanguka, simpati mume wangu, na binti yetu hazaliwi. Ndiye aliyenisukuma nije hapa. Sasa huyo aliyerudi kushika ngazi ametoka wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki chini.

"Fundo hilohilo, mama, ndilo linalowakosesha wataalamu usingizi. Wengi wanaamini maumbile yenyewe yanazuia safari hiyo. Lakini uthibitisho bado."

Nyumbani alimsimulia mumewe yote, wakimenya viazi. Mzee akafikiri, kisu hewani.

"Kumbe nilikuoa kwa sababu mwanga hauna mpinzani?"

"Ulinioa kwa sababu sikuwa na mguu wa kukukimbia," akajibu, na wote wawili wakacheka hadi binti akaja kuuliza kulikoni.

Mtihani aliufaulu, si kwa alama za kutisha, ila za kumtosha. Akaomba kuendelea na kidato kinachofuata. Siku ya kujaza fomu, karani alimtazama ovaroli yenye madoa ya rangi, akauliza kama anamwandikisha mtoto.

"Namwandikisha huyu hapa," akasema, akijigusa kifua, akavuta kalamu kwake. Aliandika taratibu, bila haraka yoyote, huku simu mfukoni ikiita. Alikuwa mteja mwenye dishi lililopinda, naye angengoja kidogo.