Kitambaa cha Njia Panda

Uvumilivu wangu uliisha pale mwenyekiti wetu aliposema kile kitambaa ni uchafu. Filamu bado inaendelea ukutani, yeye akanyoosha fimbo kwenye pembe ya picha, akauliza ukumbi mzima, "Nani kaacha uchafu huu mlimani? Ajitaje." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, mtoto ananyonya, nikasimama naye hivyohivyo.

"Ni changu," nikasema. "Na kabla hujakiita uchafu, rudisha picha nyuma."

Ngoja nieleze tulifikaje hapo.

Sisi ni wapagazi na waongozaji wa Karatu. Wageni wengi huja kutazama wanyama ndani ya kreta, lile shimo la volkano, wanapiga picha wakiwa ndani ya gari, wanaondoka. Wachache wanataka kupanda kwa miguu, na hao ndio wetu. Mimi ni mpagazi. Nimezaliwa Mbulumbulu, nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nakisikia vizuri, na mgongo huu umebeba mahema na majiko ya gesi tangu kabla sijaolewa. Mara tatu nimeomba jina langu liingie kwenye orodha ya waongozaji. Mara zote tatu mwenyekiti alinijibu kwa upole, ule upole unaochoma: nionyeshe njia moja uliyoiongoza mwenyewe, dada yangu, halafu tutazungumza. Orodha mpya ilikuwa inafungwa wiki ileile ya filamu.

Ilikuwa Jumapili alasiri, watu wametoka ibadani. Hoteli moja ilitupa ukumbi na projekta tuitazame filamu ya mzungu mmoja anayepanda milima peke yake, bila kamba wala mwenzake. Walimwonyesha kwanza kwenye barafu za kwao. Kipande cha mwisho kilikuwa huku kwetu, kwenye ukuta wa mwamba upande wa Endulen, ukuta ambao hata wafugaji wa pale wakipotelewa na mbuzi wanamtafuta kwingine.

Sitamnyima haki yake. Yule mtu anajua. Wapagazi ni watu wa kubishana, lakini wote walisogeza viti mbele. Mwenzetu mmoja wa Singida, mcheshi, alianza kusema vidole vile ni vya mjusi, akaishia katikati, kwa sababu mguu wa kushoto wa jamaa ulikuwa umeteleza. Mzee mmoja mwongozaji, magoti yake yamekwisha kwa kushuka milima, alikuwa anakanyaga sakafu kila jamaa anapohamisha mguu. Alipofika juu tulishusha pumzi wote kwa pamoja, ndipo maneno yakaanza. Mmoja akauliza, huyu hana mama? Mwingine akajibu mama anaye, ila maombi yamemchosha. Mzee wa magoti akasema hajawahi kuona mtu anayepanda bila kugombana na jiwe. Mimi nilipiga makofi kwa mkono mmoja, kwenye paja. Nilijivuna, sioni haya kusema. Ukuta wetu umepandwa vile, na siku ile nilikuwepo.

Kisha akaanza kushuka kwa upande wa nyuma, ukungu umejaa, na msimulizi akaweka sauti ya mchungaji wa mazishi. Hapa hakuna njia, akasema. Hakuna mtu. Anausikiliza mlima tu. Jamaa akafika njia panda. Kushoto ni korongoni, ukienda hurudi tena. Akasimama kidogo, akaenda kulia. Usawa wa bega lake, kwenye tawi, kilikuwa kinaning'inia kipande cha kanga nyekundu, neno MALEZI linasomeka.

Sasa elewa desturi yetu. Anayetangulia hufunga kitambaa kila penye mashaka, kwenye upande wa kupita. Anayeshuka mwisho hufungua vyote. Ukisahau hata kimoja umekosa kweli, maana ukungu ukishuka, mwenzako anaweza kufuata alama ya safari iliyokwisha, ikampeleka kusikopitika. Adhabu ni kukaa nje msimu mzima. Ndiyo maana mwenyekiti alitaka mtu ajitaje. Na mimi nilijua kwamba nikijitaja, orodha naiaga. Nilisimama nikijua.

Siku ya kupanda, mwongozaji aliyepangwa aliamka na homa. Alinielekeza njia kwa mdomo akiwa amejifunika blanketi hemani, nami nikaondoka alfajiri na maji mgongoni, nikiwapandisha wapiga picha wawili kwa njia ya nyuma, ili tumkute jamaa kule juu. Mtoto alikuwa na miezi sita. Nilimwacha kambini na wifi yangu. Vitambaa vya kikundi vilikuwa vichache, nikaviweka akiba kwa ajili ya juu, na pale njia panda nikachana kanga niliyojifunga kiunoni, ileile ninayombebea mtoto, aliyoninunulia mume wangu nilipojifungua: ASANTE MAMA KWA MALEZI. Neno la mwisho likabaki mtini.

Jamaa akatokea ukingoni. Nikampa maji. Nikamwambia kwa Kiingereza afuate vitambaa, cha mwisho ni chekundu, apite upande kilipofungwa. Akarudia maneno yangu kama mwanafunzi, akasema asante mama. Ndipo wapiga picha wakaniomba nijifiche nyuma ya jiwe nisionekane. Nikajificha. Kazi ni kazi.

Wao wakatangulia na kamera, yeye akafuata, mimi nyuma kabisa nafungua vitambaa. Maziwa yalikuwa yamejaa hadi blauzi imelowa, na upepo ukaniletea kilio cha mtoto kutoka kambini. Nikaanza kukimbia. Njia panda niliipita bila hata kutazama mtini. Kosa ni langu, na sikujua mpaka Jumapili ile.

Basi turudi ukumbini. Mwenyekiti aliniangalia, akamwangalia mtoto, akaniambia, "Mama, keti. Kwa hiyo unakiri kosa mbele ya watu?"

"Nakiri kosa. Na wewe kiri njia."

"Njia ipi? Filamu inasema alikuwa peke yake."

"Ukutani alikuwa peke yake, na mimi nimempigia makofi. Wakati wa kushuka, kamera ilishikwa na nani? Ilishikwa na ukungu?"

Ukumbi ukacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Mwenyekiti akataka kuendelea na filamu, lakini mzee wa magoti akasema, bila kuinua sauti, picha irudishwe. Ikarudishwa. Tukamwona jamaa anafika njia panda, anasimama, anainua mkono. Anakigusa kile kitambaa kwa vidole viwili, vilevile vya mjusi, ndipo anakwenda kulia. Mara ya kwanza hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu wote tulikuwa tunamsikiliza msimulizi.

"Mwenyekiti," mzee akasema, "huyo kashushwa."

Yule wa Singida akaanza makofi. Wakaendelea wengine, wanaume wazima waliowahi kunitania kwamba nabeba mizigo miwili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Mtoto akaacha ziwa, akageuka kutazama kelele. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira mno, na fahari ilikuwa nyingi, nafasi ya machozi haikuwepo.

Mwenyekiti akasema pale si mahakamani, mwenye malalamiko alete kwa maandishi. Alidhani nitaishia hapo. Barua rasmi nilifundishwa shuleni, anwani mbili na kichwa cha habari kimepigiwa mstari, na kila siku nilijiuliza nitakuja kuitumia wapi.

Jumatatu asubuhi niliipeleka kwa katibu wa kikundi, mtoto mgongoni, nikakaa kwenye benchi lake mpaka akaigonga muhuri wa kupokelewa, na nakala ya waliotengeneza filamu nikamsimamia mpaka akaituma. Niliandika hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NJIA YA KUSHUKIA ILIYOSEMWA HAIPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpagazi wa kikundi hiki. Nakiri kwamba niliacha kitambaa kimoja njia panda. Adhabu naikubali, na kitambaa nitakwenda kukifungua mwenyewe.

Nalalamika kwamba filamu inasema hakukuwa na njia wala mtu. Njia niliiongoza mimi. Naomba watengenezaji waandike hivyo, mstari mmoja unatosha. Sipunguzi sifa ya mpandaji, anastahili yote aliyoyafanya ukutani.

Nalalamika pia kwamba mwenyekiti aliniomba njia moja mara tatu, na alipoonyeshwa aliiita uchafu. Naomba jina langu liingie kwenye orodha ya waongozaji, na adhabu ianze kuhesabiwa nikiwa ndani ya orodha hiyo.

Kiambatisho: kanga moja nyekundu, imechanika baada ya neno KWA. Mkishalinganisha na picha naomba mnirudishie, mtoto bado anabebwa.