Jivu la Kinu cha Mpunga

Buya wa kijiji cha Idsowe alijifunza uashi Mombasa, akarudi Tana na mwiko, timazi na kikohozi cha vumbi la saruji. Wenzake walijenga kwa udongo na makuti, kwa hiyo kazi zake zilikuwa za kubahatisha: leo msingi wa kanisa, kesho kisima.

Mnamo mwaka 1957, alipokuwa akijenga birika la kunyweshea ng'ombe wa Waorma karibu na Garsen, mafuriko yalikata barabara. Saruji ilibaki mifuko mitatu, na birika lilitaka mitano.

Nyuma ya kinu cha mpunga kulikuwa na lundo la jivu la kumvi, yaani maganda ya mpunga, zilizochomwa tanurini. Buya alikumbuka kuwa aliwahi kumwaga chokaa iliyobaki juu ya jivu lile, na baada ya mvua jembe lilikuwa likigonga pale kama linagonga mwamba. Akabeba gunia moja. Tofali la kwanza la majaribio, lililochanganywa na jivu hilo, likamomonyoka ndani ya ndoo ya maji.

"Baba Kavumbi," mkewe Sarah alisema, akimtania kwa vumbi lake, "jivu hili jeusi halijaiva. Chimba chini, kuna jeupe."

Wakalitwanga lile jeupe, wakalichekecha kwa kitambaa, Buya akalichanganya na saruji na chokaa kidogo. Tofali la pili lilikaa ndani ya maji siku tatu bila kumeguka. Akamaliza birika.

Baada ya wiki moja akaja Adano, mzee wa wafugaji. Akabonyeza ukuta kwa ukucha, alama ikabaki.

"Fundi, umetujengea ugali?"

"Jivu halina haraka, mzee. Nipe siku ishirini na nane. Ng'ombe wasikaribie."

Adano akatazama mbuga iliyokuwa bado na madimbwi. "Maji bado yapo. Nitangoja."

Kila asubuhi Buya alifunika birika kwa nyasi mbichi na kulimwagia maji. Siku ilipofika, Adano akagonga ukingo kwa tako la mkuki, mara mbili, kisha kwa nguvu zote. Mkuki ukadunda ukamponyoka mikononi, ukingo ukabaki mzima. Akacheka hadi akakaa chini.

Wakalijaza birika maji, halikuvuja hata tone. Ng'ombe wa kwanza, dume la pembe pana, akainamisha kichwa akanywa. Buya akasimama kando, mikono yake ya kijivu ikiwa nyuma, akimtazama.