Mbwa, Tangi na Mama Mwenye Nyumba

Baba yangu hakuamini kwamba binti yake angeweza kuishi Newala peke yake bila kuibiwa. Alikuwa mtu wa Masasi, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na kwake yeye kupanda mlima kuja Newala kulikuwa kwenda ugenini kabisa, ingawa basi lilichukua asubuhi moja tu. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kutuzoea. Vitu vilikuwa vimerudi madukani, redio, vitenge, ndoo za plastiki za kila rangi, na wezi nao walikuwa wamerudi kazini. Mimi mwalimu wa darasa la tatu nilikuwa na baiskeli na redio ya kaseti. Basi Baba alikuja kunitembelea, akateremka kituoni na kikapu, na ndani ya kikapu alikuwamo mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo, tumbo limemjaa kama mpira.

"Mlinzi," alisema Baba.

Mlinzi alikuwa ametapika njia nzima. Baba alikunywa chai, akatuombea, akapanda basi la kurudi. Aliniachia tatizo ambalo yeye hakuliona, kwa sababu Baba hakuwahi kudeki sakafu tangu azaliwe.

Tatizo ni kwamba nilikuwa mpangaji. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane, Mwislamu safi, mwenye watoto wanane ambao wote walikwishaondoka, wengine Tandahimba, wengine Dar es Salaam. Nilimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama adabu inavyotaka, ila hapa majina nayaacha yapumzike. Chumba changu kilikuwa cha mbele, chake cha nyuma, na katikati palikuwa na ukumbi wa saruji tulioupita sote. Yeye aliupita peku, miguu imelowa, akitoka kutawadha kwenda kuswali. Na kwa dini yake, mbwa akilowesha mahali, hapo pataoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo.

Udongo Newala tunao wa kutosha. Maji ndiyo hatuna. Bomba la mtaani lilikohoa mara moja kwa wiki, tena likijisikia, na wasio na akiba waliteremka bondeni na ndoo kichwani, kisha wakaupanda mlima ule ule. Mama mwenye nyumba alikuwa na tangi. Alilijenga mwaka wanunuzi binafsi walipoanza kugombania korosho, akaezeka na nyumba mabati, na mvua ya masika ikaingia yote mle. Lilikuwa la pete za saruji zilizopandishwa moja juu ya nyingine, na alilipenda kuliko wanawe walioko Dar es Salaam, maana tangi halikuwahi kusahau kumletea kitu.

Jioni ile ile Mlinzi alikojoa ukumbini. Dimbwi lenyewe lilikuwa la kijiko. Nilimwaga maji mara saba na udongo juu, nikasugua, nikadeki, mpaka nikajiona nanuka mbwa, nikachota ndoo nyingine nikaenda kuoga. Niliporudi, Mama mwenye nyumba alinisubiri kando ya tangi.

"Mwalimu, unaiona pete ile ya pili kutoka chini?"

"Naiona, Mama."

"Maji yakipita pale kabla mvua haijanyesha, mgeni wako anarudi Masasi. Sina ugomvi naye, maskini. Lakini kati ya mbwa na udhu wangu, mimi nimeshachagua."

Mikorosho ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuangusha. Mvua ilikuwa mbali. Na mimi, naungama, nilikuwa nimeshampenda yule mbwa tangu aliponilalia mguuni wakati Baba anaomba. Nilikubali sharti nikijua halikuwa na huruma.

Shuleni nilimwuliza mwalimu mwenzangu, bwana mmoja aliyejua kila kitu isipokuwa kufika kwa wakati. Akasema: mshike, msugue pua kwenye mkojo wake, mchape kidogo, ataelewa. Nilifanya hivyo siku tatu, na kweli, mbwa alielewa. Alielewa kwamba mtu akimwona anakojoa kuna hatari, kwa hiyo akawa anakojoa chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku, pale ambapo sikumwona. Niligundua kwa harufu. Nikahamisha kitanda, sanduku na vitabu vyote, nikamwaga maji, na bila shaka nikaenda kuoga.

Mama mwenye nyumba alikuwa barazani akifuatilia habari zote hizo kwa masikio tu.

"Umemfundisha kujificha," alisema. "Kutoka hujamfundisha. Na kule darasani ndivyo unavyofanya?"

Swali lile liliniuma, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikifanya darasani. Watoto wangu walikuwa mabingwa wa kuficha madaftari.

"Mimi nimelea wanane," aliendelea, "na hakuna niliyemfundisha choo kwa fimbo. Akiamka, atoke. Akila, atoke. Akimaliza kucheza, atoke. Mkojo una saa zake. Wewe unamtoa unapokumbuka, yeye anakojoa anapobanwa, sasa mtakutana wapi?"

Nilimweleza kwamba mchana kutwa niko shuleni. Akaguna, akasema yeye mbwa hamgusi, tusije tukaelewana vibaya. Nikamwambia sikumwomba amguse. Akasema vizuri, maana hamgusi.

Kesho yake niliporudi saa nane nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, ufagio wa mpini mrefu mkononi, na mbwa yuko nyuma ya mkorosho kwenye shimo la majivu. Mama mwenye nyumba, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa akimwitia mbwa mkojo kwa ile sauti ambayo mama zetu wote walitukojolesha nayo: "Sssss. Sssss." Mbwa alichuchumaa, akamaliza, akarudi mbio mkia ukizunguka. Akasimama hatua tatu kutoka kwenye kigoda, pale ambapo ufagio ulikuwa umemchorea mstari mchangani.

"Hodari," alimwambia. Kisha akaniona, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Hakumkaripia hata mara moja. Akikosea, alipiga kofi moja hewani, akamwelekeza kwa ufagio mpaka shimoni, akasubiri. Akipatia, alisema "hodari" na kumrushia kipande cha muhogo. Hesabu ya siku nzima aliiweka kwa swala zake, kwa kuwa saa ya ukutani ilikufa zamani: mlango ulifunguliwa alfajiri alipokwenda kutawadha, mbwa naye akatoka, adhuhuri vivyo hivyo, alasiri, magharibi na isha. Baada ya wiki mbili mbwa alikuwa akisikia tu kopo likigonga tangi anakwenda mwenyewe kukaa mlangoni. Majirani walipopata habari walinicheka njia nzima ya sokoni. Binti wa misheni, walisema, mbwa wake anajua vipindi kuliko yeye anavyojua kengele ya kanisa.

"Msimsingizie ibada," Mama mwenye nyumba aliwakatiza. "Huyu anafuata mlango."

Ukumbi ulikauka. Chini ya kitanda pakakauka. Nilimwandikia Baba kwamba mlinzi anaendelea vizuri na masomo. Kilichobaki kilikuwa tangi. Kila Ijumaa Mama mwenye nyumba alichukua upawa akaligonga kuanzia juu kushuka, ko, ko, ko, mpaka sauti ilipobadilika, kisha akanitajia maji yalipofika. Yalikuwa yakishuka kwa kasi kuliko nilivyotegemea. Nilijipa moyo kwamba ni jua. Halafu Ijumaa moja sikumsikia akigonga, na Ijumaa iliyofuata pia sikumsikia, nikadhani amechoka au amenisamehe.

Jumamosi asubuhi nilifunua mfuniko mwenyewe. Maji yalikuwa chini ya pete ya pili, shibiri nzima.

Ningeweza kufunika tu nikanyamaza. Lakini nililelewa na mzee wa kanisa, na mambo hayo hukufuata mpaka tangini. Nikamfunga mbwa kamba ya katani shingoni. Alidhani ni mchezo, akaitafuna. Machozi yalinitoka, sitaki kudanganya, nikayafuta kwa kanga nikaenda naye barazani, ambako Mama mwenye nyumba alikuwa akipepeta mbaazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mnakwenda wapi na kamba?"

"Kituoni. Maji yamepita pete."

Hakuinua kichwa. "Yamepita siku nyingi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ingenibidi nimtoe aliyeyamaliza." Akaweka ungo chini. "Mwalimu, huyu hajalowesha humu ndani wiki ya nne sasa. Mimi niko hapa, nasikia kila kitu. Nani anaoga ndoo asubuhi, ndoo jioni, na Jumamosi ndoo ya nywele?"

Uso uliniwaka. "Nyumbani Masasi..." nilianza.

"Masasi mna visima, mwanangu. Mbwa akikojoa kijiko, wewe unamwaga ndoo kumsafishia, na ndoo nyingine kujisafisha wewe. Nimelala macho nikiyahesabu."

"Sasa kwa nini usiniambie?"

Alichukua ungo tena, akaupepeta ingawa haukuwa na kapi hata moja.

"Waliokutangulia chumba kile walikuwa wawili," alisema. "Nao walikuwa walimu. Kila mmoja nilimwambia habari ya maji, kila mmoja akahama. Nyumba ikakaa kimya miaka mitatu. Nikaona bora nisiligonge tangi."

Mimi niliyehangaika miezi miwili nikiogopa atamfukuza mbwa, sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu mle ndani anayeogopa niondoke mimi. Nilimwambia sihami. Nilimwambia hivyo mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri.

"Haya," alisema, akainuka na kuniletea kopo la maziwa ya unga lililotobolewa na kutiwa mpini wa waya. "Makopo manne asubuhi, manne jioni. Nenda kaoge nikusikie."

Bafu letu lilikuwa ua wa mabua nyuma ya nyumba. Niliingia na makopo yangu manne katika ndoo, na yeye akaketi nje kwenye kigoda.

"La kwanza, lowa tu," aliniamuru. "Sasa funga mkono. Sabuni. Bado, bado, usichote. Haya, la pili, anzia juu. Hodari."

Nilicheka mpaka povu likaniingia mdomoni, na kopo la nne likabaki nusu. Nilipotoka nilimkuta mbwa amelala kivulini pa mkorosho, shingo tupu, kamba imekunjwa vizuri juu ya kigoda. Sijui alimfunguaje bila kumgusa, na sikumwuliza.