Mkono wa Kujaribia Mafuta

Mtaa mzima ulimwita Mama Chupa, na jina lilimkaa sawasawa, maana jikoni kwake huweki kikombe mezani mpaka usogeze chupa kwanza. Miaka ishirini na sita alitengeneza mafuta ya ngozi na nywele kwa majani, na ukali wake acha tu! Majani yakauke kivulini mpaka yavunjike vidoleni. Jani lenye maji huleta ukungu. Bakuli la mafuta likae juu ya sufuria ya maji ya moto, saa tatu, moto mdogo. Kisha achuje kwa kitambaa mara mbili. Na chupa haitoki mlangoni kabla ya yeye mwenyewe kujaribu: tone moja mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili. Pakiwasha, anamwaga yote.

"Mkono huu haujawahi kunidanganya," alizoea kusema, na watu walimwamini.

Jumanne moja, saa saba mchana, ameinama jikoni anachuja, akasikia harufu ya kitu kinaungua. Akatazama kitambaa: kizima. Akatazama jiko: halina neno. Kumbe ni yeye! Mkono wa kushoto ulikuwa umelalia ukingo wa sufuria, ngozi imeshabanduka, naye hana habari.

Akachomoa pini kwenye kilemba, akajichoma mkono wa kulia. Akaruka. Akajichoma wa kushoto. Kimya. Akachoma juu kidogo, akachoma chini. Damu ikatoka, maumivu hakuna.

"Mungu wangu," akasema peke yake. Woga uliomshika haukuwa wa mkono. Asubuhi ile alikuwa amempelekea mkwewe chupa mpya, ya mjukuu wa miezi minane aliyekuwa na vipele mashavuni. Muuzaji wake wa majani alikuwa amehama, akanunua kwa mgeni asiyemjua, akajipa moyo kwamba mkono utasema. Mkono haukusema kitu. Kutazama nako kusingemsaidia, maana pale anapojaribia palishakuwa peusi kwa makovu ya mafuta. Wekundu ungeonekana wapi? Na mtoto huogeshwa saa nane.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, wapi! Akazima jiko, akatoka mbio, kandambili moja yake, nyingine ya marehemu mumewe.

"Mama Chupa, leo nani anakukimbiza?" fundi viatu akamtania kutoka kibandani kwake. Alikuwa anajipaka viganja, na chupa aliyoishika ni ya Mama Chupa.

"Usipake hayo!" akampigia kelele, wala hakusimama kueleza. Chupa ngapi ziko nje? Na huu mkono ulikufa lini?

Akaingia kwa mkwewe bila hodi. Mtoto alikuwa kitandani juu ya taulo, anang'aa mafuta utosini mpaka unyayoni. Akavuta kilemba, akaanza kumfuta mtoto usoni, kifuani, mapajani, mtoto akaangua kilio.

"Mama, taratibu, utamchubua!"

"Mafuta yangu hayafai! Lete maji, lete sabuni! Mbona umesimama tu?"

Mkwe hakuleta maji. Alimnyanyua mtoto, akambembeleza, halafu akafungua kabati. Nyuma ya nguo zilisimama chupa tatu. Moja imepungua kidogo, mbili zimejaa mpaka shingoni.

"Hayo aliyopakwa si yako, mama. Nilimpaka yako siku nne, vipele vikazidi. Nikaacha."

"Uliacha? Na kila Ijumaa unanipigia kunishukuru!"

"Nilikuogopa," mkwe akasema, macho chini. "Ningeanzaje kukwambia yanamwasha mtoto, na wewe umeshayajaribu mkononi mwako?"

Kwa wiki mbili zilizopita vipele vilikuwa vimepungua, na Mama Chupa alijisifu mtaa mzima, kila aliyempa salamu alipewa habari za dawa yake. Siku nyingine yoyote angegomba mpaka majirani watoke nje. Siku hiyo alikaa kitandani, akamshukuru Mungu kwamba alikuwa mtu wa kuogopwa, kisha akakunja mkono wa gauni na kunyoosha mkono wa kushoto.

"Nibane hapa."

"Mama, umeungua! Nini hiki?"

"Achana na hicho. Bana, tena kwa kucha."

Mkwe akamlaza mtoto, akaushika mkono. Mama Chupa akafumba macho, akauma meno, akangoja.

"Usinionee huruma. Bana."

"Nimebana, mama."

Akafumbua macho. Kucha za mkwe zilikuwa zimezama kwenye ngozi, na zilikuwa bado zinabana.