Jinsi usafi wa chumvi ya mama mkwe ulivyotaka kunigharimu shingo

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Jana nimekuta uzi wa watu wanajisifu kwamba wanaosha mpaka mayai kabla ya kuyachemsha, nikacheka peke yangu jikoni hadi binti yangu akauliza kama niko sawa. Ikabidi na mimi nifungue wa kwangu.

Hii siyo chai. Yalinikuta mwenyewe, na asiyeamini aende Mugeta akaulize. Mashahidi bado wapo na wanapenda kuongea.

Nimezaliwa Kigera, pale Musoma. Nikaolewa Mugeta, upande wa Bunda, kwa watu wa pamba na ng'ombe. Ilikuwa ile miaka maduka yameanza kujaa tena baada ya kipindi kirefu cha foleni na vibali.

Mume wangu anaitwa Wambura. Mama yake mzazi ndiye shujaa wa uzi huu, na ndiye mshtakiwa pia.

Sasa sikilizeni utaratibu wa nyumba ile. Mkamwana hapewi jiko lake mpaka azae. Unapikia jiko la mama mkwe, na chumvi huigusi. Mboga ikiiva unaita, "Mama, mboga iko tayari." Anakuja na chungu chake kidogo, anatia mwenyewe kwa vidole vitatu, anaondoka nacho. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba na cheti cha ndoa, lakini cha kugusa chumvi sikuwa nacho.

Msimcheke haraka. Miaka ya shida chumvi ilikuwa haionekani. Alikuwa na kaka zake Buhemba wanachimba dhahabu, na hao hao walikuwa wanakula mboga za magadi badala ya chumvi. Chumvi ikipatikana, imepita njia za panya kutoka mpakani, kwenye magunia yaliyokwishabeba kila kitu. Ina mchanga, ina nyuzi, kuna siku alikuta kifungo cha shati.

Ndipo akajifunza kuiosha. Maji matatu, haraka haraka isije ikayeyuka yote. Kisha inaanikwa kwenye ungo juani, kisha inakaa wazi kwenye chungu juu ya jiko isipate unyevu. Na yale maji ya kuoshea hayamwagwi, yanakwenda kwenye hori la ng'ombe. Mama alikuwa hapotezi kitu.

Enzi za ruksa zilipoingia na biashara kufunguliwa, madukani kukaja chumvi ya pakiti, safi kabisa, imeandikwa ina madini joto. Mama akanunua. Akafika nyumbani, akaosha.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilijaribu siku moja kusema, "Mama, hii mbona iko safi?" Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, nikakumbuka kwamba nina kuni za kupasua.

Sasa tufike kwenye shingo.

Mama alikuwa na rovu, lile tezi la mbele ya shingo, ukubwa wa chungwa. Alilifunika kwa kitambaa. Wifi zangu wawili walikuwa nayo madogo madogo. Kwao ilikuwa ni mambo ya ukoo, kama vile wengine wana ukoo wa watu warefu.

Mwaka wa kwanza nilipata mimba, ikatoka mwezi wa nne. Nililia, wakuu. Hapo sina utani wa kuweka.

Mimba ya pili ilipoingia, shanga nilizovaa siku ya harusi zikagoma kufunga shingoni. Nikajishika, nikakuta kitu kama yai la kwale. Wifi zangu walipoona wakanipongeza, eti sasa nimekuwa wa ukoo kweli. Nilicheka nao, lakini nikienda kisimani peke yangu nilikuwa naogopa mtoto atatoka tena.

Kliniki kulikuwa na nesi, mwenyeji wa Butiama, mwembamba, hacheki ovyo. Akanipapasa shingo, akaniuliza habari za mimba ya kwanza. Hakusema moja kwa moja kwamba chumvi ndiyo sababu. Alisema mwili wa mama mjamzito ukikosa madini joto, mtoto tumboni ndiye anaumia sana. Kisha akatutangazia wajawazito wote: siku ya kliniki ijayo kila mmoja aje na kijiko cha chumvi ya nyumbani kwake, kwenye karatasi.

Ikabidi nikaombe. Nilidhani mama atakataa. Kumbe alifurahi! Siku ilipofika akavaa kitenge cha kanisani akanisindikiza, maana chumvi yake haiwezi kutembea bila mwenyewe.

Tukapanga karatasi zetu kwenye meza. Nesi akapita na kichupa, tone moja moja. Ya kwanza ikageuka rangi ya wino wa bluu. Ya pili bluu. Ya tatu bluu. Kufika ya kwetu, tone likaingia, chumvi ikabaki nyeupe pee.

Nesi hajafungua mdomo, mama mkwe kasimama.

"Mmeona wenyewe? Za kwenu ziko na uchafu. Ya kwangu naoshaga!"

Wakuu, wanawake wakapiga makofi. Wawili wakamsogelea wanaomba awafundishe. Mama akaanza semina pale pale, maji ya kwanza hivi, maji ya pili hivi. Nesi alishika kiuno akamwacha amalize. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Alipomaliza, nesi akamuuliza kwa upole, "Mama, huko kwenye kikapu kuna chumvi ambayo hujaosha?"

Ilikuwepo, pakiti aliyonunua njiani asubuhi ile. Nesi akaifungua, akadondoshea tone. Bluu.

"Sasa mama, hebu ioshe hapa tuone."

Akaletewa beseni. Mama akaosha kwa madaha, anajua anatazamwa. Nesi akaweka tone kwenye chumvi iliyooshwa: nyeupe. Akaweka tone kwenye maji ya kwanza ya kuoshea. Yakageuka bluu mbele ya macho yetu.

"Hii maji unapelekaga wapi, mama?"

"Nawapaga ng'ombe. Wanaipenda sana."

"Na kuna ng'ombe wako ana rovu?"

"Hata mmoja."

"Basi hiyo bluu siyo uchafu, mama. Ndiyo dawa yenyewe. Ng'ombe wanakunywaga dawa, mkamwana wako unamwachia weupe."

Watu walianza kucheka, lakini mama alikuwa ameshusha macho kwenye tumbo langu. Aliniangalia tumbo, akaniangalia shingo, akakaa chini kwenye benchi polepole.

Njia nzima alitangulia mbele, mimi nyuma. Nilijua nimekwisha. Nimemwaibisha mama mkwe mbele ya wanawake wa kanisa lake, kesho narudishwa Kigera na mkeka wangu. Wambura akatuona tunavyoingia, akauliza kulikoni, mama akampita moja kwa moja hadi ndani. Mwanaume akakumbuka ghafla kwamba zizi linahitaji kutengenezwa, hatukumwona tena mpaka chakula.

Nikapika. Mboga ilipoiva nikaita kwa sauti ndogo, "Mama, mboga iko tayari."

Akaja bila chungu. Mkononi ana pakiti mpya, haijafunguliwa.

"Ile mimba ya kwanza," akasema, "mimi sikujua."

Akaniwekea pakiti mkononi. "Shika. Utatiaga mwenyewe. Usioshe, na ukishatia ufunike."

Sikuwa nimezaa bado, na nimekabidhiwa chumvi. Nililia juu ya sufuria, na ile mboga ilitoka na chumvi mara mbili. Waliila yote.

Mtoto alizaliwa salama. Ndiye huyo binti aliyeniuliza kama niko sawa. Shingo yangu ilirudi kawaida taratibu, na shanga zilikuja kufunga tena, japo siku hizi unene umeingilia kesi.

Nilichojifunza: siyo kila tunachokiondoa ni uchafu, na siyo kila ugonjwa wa nyumba nzima ni wa ukoo. Wakati mwingine ni kwamba mnakula chungu kimoja. Nunueni chumvi yenye madini joto, msiioshe, msiianike, funikeni, iwekeni mbali na moshi na mvuke.

Haya, kwenu nani bado anaosha? Nani anaiacha wazi pembeni ya jiko? Njooni mkiri hapa, sitawacheka sana.

Mama mkwe ametangulia mbele za haki. Rovu lake halikupungua, lilishakuwa la zamani mno. Lakini tangu siku ile aliacha kulifunika. Kila bibi harusi mpya alipoingia kijijini, mama alikuwa anakwenda na pakiti ya chumvi kama zawadi, anamwinamia, anamshika mkono na kuuweka kwenye rovu lake mwenyewe.

"Gusa, mwanangu. Hii ndiyo usafi wangu."