Dawa za Kichwa cha Baba Mwenye Nyumba

Mimi ni mtu wa Tanga, ushungi nimeanza kuufunga utotoni, na pombe sijaigusa hata kwa ncha ya ulimi. Ndiyo maana watu wa Lundo, kijiji cha kando ya ziwa, walinicheka kila nilipowasomesha habari za ulevi pale zahanati. "Nesi, kichwa cha komoni wewe utakijuaje?" Nami nawajibu: mimba sijabeba, mbona nawazalisha?

Nilipopangiwa kazi huku nilipata chumba kwa mzee mmoja mvuvi, mjane, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi. Alikuwa na mabinti wawili. Harusi ya mkubwa mzee aliiharibu mwenyewe: alilewa, akaanguka mlangoni mwa kanisa, na binti akapelekwa altareni na baba yake mdogo. Kwa hiyo binti mdogo alipochumbiwa alimwambia mbele yangu, bila kupepesa macho, "Baba, ukinywa, nitaingia kanisani peke yangu." Mzee akaapa. Na kiapo alikishika miezi mitano, mimi shahidi.

Kilichomponza ni ndoo. Huku Lundo harusi ikikaribia, kila nyumba ya ukoo hupika komoni yake, pombe ya kimea, na kuileta. Mwenye shughuli haruhusiwi kushukuru kwa mdomo mkavu. Anaonja mbele ya aliyepika, na kuonja si tone, ni kata nzima. Ukiruka ndoo ya mtu, umemwambia pombe yake mbovu, au unaushuku mkono wake. Mchana wa siku iliyotangulia harusi zikaja ndoo kumi na moja. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hawa wa Lundo ukiwasifu wanazidisha kimea. Kwenye ndoo ya tatu mzee alinitazama kwa macho ya kuomba radhi. Kwenye ya saba hakunitazama tena.

Ndoa ilikuwa saa nne asubuhi, na padri alikuwa anasubiriwa Kihagara kwa misa nyingine, kwa hiyo kuchelewa hakukuwepo. Saa moja nilimkuta mzee uani, amekaa kwenye kigoda, kichwa kiko mikononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ila sema polepole."

Basi wakaja matabibu! Wa kwanza shangazi yao kutoka Mbinga, na kahawa ya shambani kwake, nyeusi tii. Kahawa, alisema, inafukuza pombe. "Shangazi," nikamwambia, "mlevi ukimpa kahawa unapata mlevi asiye na usingizi." Akanibetulia mdomo, akammiminia kikombe. Akafuata baba mdogo na supu ya vichwa vya samaki mbasa, pilipili zinaelea juu, eti jasho likitoka na pombe inatoka nalo. Nikamweleza kwamba pombe inaondolewa na ini, na ini halikimbizwi. Mzee alipiga vijiko vitatu, machozi yakamtoka, pombe ikabaki palepale. Halafu jirani akatokea na kata ya komoni, azimue, atibu pombe kwa pombe. Jamani, nilipandwa na hasira! Niliinyakua ile kata nikaimwaga chini. "Kuzimua ni kukisogeza hicho kichwa mbele kije kimuume akiwa altareni!"

Zamu yangu ikafika. Nilichukua pakiti ya chumvi tunayowapa wanaoharisha, nikaikoroga katika lita ya maji na kutamba mbele ya watu wote, "Saa nne atakuwa mzima." Mzee alikunywa kwa utii, akakimbilia nyuma ya choo, na huko akatapika vyote, pamoja na supu na kahawa. Shangazi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nilistahili. Maji yanamsaidia mtu aliyekaukiwa, hilo silibadilishi, lakini hayafupishi saa, na mimi nilitaka kuzifupisha kama wao tu. Tofauti yangu ilikuwa pakiti yenye maandishi.

Bibi harusi akatoka ndani. Mzee alisimama akiwa ameshika nguzo, wala hakuzisingizia mila.

"Mwanangu, nimekunywa. Ingia peke yako kama ulivyosema. Mimi nitakaa nyuma na nesi."

Moyo uliniuma, sitaki kudanganya. Binti alilia hadi wanja ukamshuka mashavuni. "Miezi mitano, baba! Umeshindwa siku moja?"

"Siku niliiweza," alisema. "Ndoo ndizo zilizonishinda."

Hakuna aliyecheka. Dada mkubwa alikuwa kwenye vyombo tangu alfajiri, na ni yeye peke yake ambaye hakuleta dawa yoyote. Akakausha mikono kwenye khanga yake, akaja, akamshika baba yake mkono wa kushoto.

"Mimi siku yangu sikutembea naye," alimwambia mdogo wake. "Leo nitatembea naye hivi hivi alivyo."

Bibi harusi akajifuta macho na kuushika ule wa kulia.

Nilikaa benchi la mwisho na ushungi wangu. Waliingia watatu, polepole, mzee akikanyaga sakafu kama anayepanda mtumbwi. Walipofika mbele alimkabidhi binti mdogo kwa bwana harusi, vizuri kabisa, bila kuyumba. Nikashusha pumzi nikidhani yamekwisha. Lakini mzee hakwenda kukaa. Aligeuka na binti mkubwa, mama wa watoto watatu sasa, akamwongoza hadi benchi la pili alipokuwa mume wake, na kuuweka mkono wake katika mkono wa yule bwana.

"Mkwe, niwie radhi," alisema, na kanisa zima lilisikia. "Nimechelewa."