Baba Kabula Alipoambiwa Arudie

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja ya Nyahanga, Mkuu wa Shule alinionyesha kamera ya video iliyofungiwa stoo, zawadi ya wafadhili. "Mwalimu, hii ni ya mahafali tu," akasema. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili niliyewahi kurekodi harusi Shinyanga mjini. Nilikasirika siku hiyohiyo, na hasira hiyo nimestaafu nayo.

Mkuu aliyemfuata aliniruhusu kuanzisha klabu ya filamu, mradi nisiguse vipindi. Kila Jumamosi tuliandika muswada, yaani maneno na matendo ya wahusika. Tulirekodi vipande vifupi tulivyoviita shoti, kisha tukahariri, yaani kuvikata na kuviunga, kwenye kompyuta ya ofisini. Watoto waliozoea kukariri majibu wakaanza kubishana: kwa nini huyu aseme hivi? Akinyamaza je?

Kabula wa kidato cha tatu ndiye alikuwa mwongozaji. Filamu yake ilihusu baba anayemwachisha binti yake shule ili aolewe. Hakuitoa mbali. Mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka Bugarama alikuwa ameshapeleka posa kwao, na ng'ombe walishakubaliwa. Mvulana aliyeigiza baba akawa anachekacheka tu, basi Kabula akamwomba baba yake mzazi ashike nafasi hiyo. Mzee akaja na kofia yake ya sherehe, anatabasamu.

"Shule imetosha. Ng'ombe wanakuja kesho," akasema mbele ya kamera, bila taabu yoyote.

"Baba, rudia. Mbuzi wamelia."

Akarudia, safari hii polepole. Tukasogeza kamera kwa shoti ya karibu, ile ambayo sura hujaza kioo chote.

"Sasa Baba, uniangalie mimi unaposema."

Akamwangalia. Akavua kofia.

"Ng'wana wane, mwanangu, hili siwezi kulisema tena," akasema, akaondoka. Jioni ile alituma ujumbe Bugarama: ng'ombe wasije.

Mchumba akaja shuleni kulalamika, nami nikaitwa ofisini mbele ya Mkuu na Afisa Elimu.

"Mwalimu, filamu inatoka swali la ngapi kwenye mtihani?" Mkuu akauliza.

"Na Kabula angefanya mtihani gani akiwa jikoni Bugarama?"

Afisa Elimu akasema nina mdomo mrefu. Klabu ikafutwa, kamera ikarudi stoo. Ilitolewa siku ya mahafali, ikamrekodi mgeni rasmi akila kuku. Mpaka leo nikikumbuka kuku yule damu inanichemka.

Kabula alimaliza kidato cha nne. Mimi nilipoagwa, walisifu nidhamu yangu na vitenge wakanivisha, klabu hakuna aliyeitaja. Bado nasikia wakubwa wakisema filamu shuleni ni mchezo. Mchezo! Filamu yetu ilikosa shoti moja, na Mkuu aliandika kwenye faili langu kwamba mwalimu huyu hamalizi kazi. Ninyi walimu vijana, nawaombea angalau filamu moja iwashinde kumaliza namna hiyo.